Je, mavi ya chuma yanaweza kuifunga hewa ukaa?

Msomaji mmoja wa Mombasa, anayefanya kazi katika kiwanda kinachoyeyusha vyuma chakavu ili kutengeneza nondo, ameniandikia swali hili: “Nimesikia kwamba mabaki yanayotoka tanuruni chuma kinapotengenezwa yanaweza kuinyonya hewa ukaa na kuigeuza kuwa jiwe. Nyuma ya kiwanda chetu kuna lundo kubwa la mabaki hayo. Je, habari hii ni ya kweli? Na kama ni ya kweli, mbona viwanda vikubwa vya duniani havijaitumia njia hii kuumaliza moshi wao? Na lundo letu, je, lina faida hiyo?”

Ndugu yangu, nitatanguliza jibu fupi, kisha nilifafanue, maana likiachwa peke yake linaweza kupotosha. Habari uliyoisikia ni ya kweli, na hewa ukaa iliyofungwa kwa njia hii haitoroki tena kirahisi. Hata hivyo, kiasi kinachoweza kufungwa ni kidogo mno kikilinganishwa na moshi wa kiwanda kilichoyatoa mabaki yenyewe, na upungufu huo hautokani na uvivu wa wahandisi bali na asili ya mabaki hayo. Kuhusu lundo lenu, nina shaka kubwa, na sababu yake nitaieleza mwishoni pamoja na namna ya kulipima.

Mabaki haya yana jina lake la zamani katika Kiswahili: mavi ya chuma. Wahandisi wa siku hizi huyaita slagi, lakini mimi nitalishika jina la wahunzi. Na ili ueleweke mwenendo wake, afadhali tuanze na kitu ambacho mtu wa Mombasa anakiona kila siku, yaani kuta za mji wa kale. Kuta hizo, kama zile za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuyapanga mawe ya aina hiyo hiyo juu ya magogo ya tanuu na kuyachoma. Jiwe la chokaa likifikia joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, hewa ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake hufukuzwa: kila kilo 100 za jiwe safi hutoa kilo 44 za hewa ukaa na kubakiza kilo 56 za chokaa. Fundi akishaizima chokaa hiyo kwa maji, akaichanganya na mchanga na kuipaka ukutani, chokaa huanza safari ya kurudi ilikotoka. Mwezi baada ya mwezi, na katika kuta nene mwaka baada ya mwaka, huivuta hewa ukaa kutoka angani na kuwa jiwe tena. Kila ukuta wa kale uliosimama imara katika mwambao wetu ni ghala dogo la hewa ukaa, na kinachotokea katika mavi ya chuma ni jambo lilo hilo kwa umbo jingine.

Tanuru kubwa la kuyeyushia madini ya chuma, lile linalopulizwa hewa ya moto kutoka chini, hulishwa madini, makaa ya koki (yaani makaa ya mawe yaliyookwa) na mawe ya chokaa. Madini hayatoki ardhini yakiwa safi. Huja na silika na alumina, yaani mchanga na udongo kwa lugha ya kila siku, na kazi ya chokaa ni kuushika uchafu huo na kuufanya uyeyuke, uelee juu ya chuma kama utando juu ya maziwa, kisha umiminwe kando. Chuma ghafi kinachotoka hapo huwa bado na kaboni nyingi, takriban asilimia 4, kwa hiyo hupelekwa katika chombo cha pili kinachopulizwa oksijeni, na humo chokaa huongezwa tena ili kuiondoa fosforasi. Kwa kila tani moja ya chuma cha pua, yaani chuma kilichokwisha kupita chombo hicho, tanuru la kwanza huacha takriban kilo 300 za mavi, na chombo cha pili huacha kilo 100 hadi 150. Yale ya kwanza huwa na chokaa kiasi cha asilimia 40 ya uzito wake, na ya pili mara nyingi huvuka kiasi hicho.

Chokaa hiyo, iwe imeungana na silika au imebaki huru, bado ina njaa ya hewa ukaa. Ile iliyobaki huru ina hatari yake pia: ikikutana na maji huumuka, na barabara iliyotandikwa kokoto za mavi mabichi inaweza kuinuka na kupasuka. Ndiyo sababu viwanda vingi huyaacha mavi ya chombo cha oksijeni nje kwa miezi kadhaa, yanyeshewe mvua na kutulia, kabla ya kuyauza.

Je, tendo lenyewe hufanyikaje? Hewa ukaa huyeyuka kwanza katika maji na kuwa tindikali hafifu. Tindikali hiyo huitoa kalsiamu, metali iliyomo katika chokaa, kutoka kwenye punje ya mavi. Kalsiamu hukutana majini na kaboneti iliyotokana na hewa ukaa, na vyote viwili huganda vikawa jiwe jeupe. Kwa hiyo maji ni ya lazima, ila yasizidi. Punje kavu kabisa hazifanyi kitu, na punje zilizozama hazifanyi haraka, kwa kuwa hewa ukaa hupenya majini polepole mara elfu kumi hivi kuliko inavyopenya hewani. Kinachofaa ni unyevu wa kiasi. Kizuizi kikubwa zaidi, hata hivyo, ni jiwe lenyewe linalozaliwa: huifunika punje kwa ganda gumu, na kiini chenye chokaa hubaki ndani bila kuguswa. Dawa ya ganda ni kusaga, na kusaga hula umeme.

Mwaka 2005 watafiti wa Uholanzi walionyesha jinsi ubora wa kusaga unavyobadilisha mambo. Waliyasaga mavi ya chuma hadi punje zikawa ndogo kuliko maikromita 38, ambao ni wembamba kuliko unywele, wakayaweka ndani ya maji yenye joto la nyuzi 100 na chini ya shinikizo la hewa ukaa la baa 19, yaani takriban mara 19 ya shinikizo la hewa ya kawaida. Katika muda wa nusu saa, asilimia 74 ya kalsiamu ilikuwa imekwisha kuwa jiwe. Linganisha matokeo hayo na mji wa Consett, kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Kiwanda cha chuma cha Consett kilifungwa mwaka 1980 na kuacha vilima vya mavi, mamilioni ya mita za ujazo, na vilima hivyo vimekaa chini ya mvua na anga kwa miongo mingi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba ni takriban asilimia 3 tu ya uwezo wake wa kufunga hewa ukaa iliyokuwa imetumika. Hewa haiingii ndani ya kilima kilichoshindiliwa. Maji ya mvua hupenya, hubeba chokaa na kuitoa chini, na kijito kinachoyapokea hutandazwa ukoko mweupe, lakini moyo wa kilima hubaki vilevile. Nusu saa kwa robo tatu, na karibu miaka arobaini kwa asilimia 3: ukitaka kujua kwa nini “tuyaache tu yajinyonyee” si mpango, tafakari tofauti hiyo.

Haimaanishi kwamba maumbile hayafanyi kazi pale yanapopata nafasi. Kwenye pwani ya Derwent Howe, magharibi mwa Cumbria, Uingereza, mavi ya chuma yaliyomwagwa katika karne ya 19 na ya 20 yamekuwa yakipigwa na mawimbi, na maji na hewa vinafika kila upenyo. Huko watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow, katika matokeo waliyoyatoa mwaka 2025, walikuta kwamba mavi yamegandamana kuwa mwamba halisi, na ndani ya mwamba huo kumenaswa sarafu ya mwaka 1934 na kishikio cha kopo la alumini la muundo ambao haukuwapo kabla ya mwaka 1989. Maana yake ni kwamba mwamba ule, katika sehemu ile, umezaliwa ndani ya miaka 35 au pungufu. Mimi nimesomea mawe, na nilifundishwa kuhesabu umri wake kwa mamilioni ya miaka. Habari ya kishikio kile cha kopo ilinifanya nisome ripoti yote mara mbili.

Kuhusu uimara wa hifadhi hii, sina wasiwasi. Jiwe la kaboneti haliachii hewa ukaa yake ila lichomwe kama katika tanuu au limwagiwe tindikali. Halihitaji mlinzi, na halihitaji vifaa vya kusikiliza kama kuna mvujo chini ya ardhi. Na tendo lenyewe hutoa joto badala ya kulihitaji, kwa hiyo linafuata mteremko wake wa asili.

Sasa nifike kwenye kiini cha swali lako, mbona viwanda havijaumaliza moshi wao kwa njia hii, na hapa naomba ufuatane nami katika hesabu. Kilo moja ya chokaa tupu hufunga gramu 785 za hewa ukaa na haiwezi kuzidi hapo. Chukua tani moja ya chuma cha pua. Kilo 300 za mavi ya tanuru la kwanza zina kilo 120 hivi za chokaa. Kilo 120 za mavi ya chombo cha oksijeni, tukikadiria chokaa kuwa asilimia 45, zina kilo 54. Jumla ni kilo 174 za chokaa, ambazo hata zikifunga kila chembe zinayoweza kuifunga hazivuki kilo 137 za hewa ukaa. Magnesiamu iliyomo huongeza kidogo. Lakini tani hiyo hiyo ya chuma, ikitengenezwa kwa makaa ya koki, imekwisha kutoa zaidi ya kilo 2,000 za hewa ukaa. Kwa hiyo hata tungefanikiwa kikamilifu, jambo ambalo kiwandani halitokei, tungerudisha takriban asilimia 6 au 7.

Tena kuna jambo la pili ambalo matangazo mengi hayaligusi, nalo kwangu ndilo zito zaidi. Chokaa iliyomo katika mavi imetoka wapi? Sehemu yake kubwa ilikuwa jiwe la chokaa lililochomwa kwa ajili ya kazi hiyo hiyo, na lilipochomwa lilitoa gramu 785 za hewa ukaa kwa kila kilo ya chokaa, yaani kiasi kile kile ambacho sasa linaweza kukirudisha. Mavi ya chuma, basi, yanalipa deni lake yenyewe. Deni la makaa ya mawe, ambalo ndilo kubwa, hayaligusi. Kuulipa mkopo mdogo ni vyema na ni haki, nami ninaunga mkono kila anayejitahidi kuulipa. Lakini anayeuambia umma kwamba chuma chake sasa ni safi kwa sababu mavi yake yamegeuzwa kuwa matofali anahesabu marejesho bila kuhesabu mkopo.

Iko pia sababu ya tatu, nayo ni kwamba si busara kuyalisha mavi yote hewa ukaa. Mavi ya tanuru la kwanza yakipozwa ghafla kwa maji huwa punje za kioo, na punje hizo zikisagwa huweza kuchukua nafasi ya klinka, yaani mawe yaliyochomwa ambayo husagwa kuwa saruji. Kila kilo ya klinka hutoa zaidi ya gramu 800 za hewa ukaa inapotengenezwa. Kwa hiyo kilo 300 zile za mavi, zikiingia katika saruji, huzuia takriban kilo 240 za hewa ukaa zisitolewe kabisa, ilhali zikilishwa hewa ukaa zingefunga kilo 94 kwa wingi wake wote. Mwenye kuyapeleka mavi ya aina hii kwenye chumba cha hewa ukaa badala ya kiwanda cha saruji anapoteza zaidi ya nusu ya faida. Yanayofaa kulishwa ni yale ambayo saruji haiyataki: mavi ya chombo cha oksijeni, yenye chokaa huru inayoumuka na chuma kingi kilichobaki, na mavi ya tanuru za umeme.

Na hayo ndiyo yanayotumiwa na waliokwisha kuanza. Nchini Ubelgiji, mavi ya viwanda vya chuma kisichoshika kutu husagwa kwanza ili kuvuna metali iliyomo, na vumbi linalobaki hushindiliwa kuwa matofali na kufungiwa katika chumba chenye hewa ukaa, yakagumu pasipo saruji hata kidogo. Nchini Kanada, mjini Montreal, ipo teknolojia iliyotokana na Chuo Kikuu cha McGill ambayo hutengeneza matofali ya ujenzi kwa mavi ya chuma na hewa ukaa, pia bila saruji. Wajapani walitangulia kwa njia yao: kampuni ya JFE Steel hupuliza hewa ukaa ndani ya marundo ya mavi yaliyotiwa kwenye kalibu, na mabonge yanayopatikana hushushwa baharini ili mwani na matumbawe vipate pa kushika. Nchini Finland, watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto walichagua njia ndefu zaidi, ambayo huitoa kalsiamu kwa chumvi za amonia na kisha kuipitishia hewa ukaa, ili wapate unga mweupe safi wa kutumiwa na viwanda vya karatasi. Katika mifano hii, hewa ukaa iliyofungwa ni sehemu moja tu ya faida. Sehemu nyingine, ambayo mara nyingi ni kubwa kuliko hiyo, ni saruji isiyotumika au jiwe lisilochimbwa.

Kuna tahadhari moja ya afya ambayo sitaipita. Mavi ya chuma hubeba metali za kromiamu na vanadiamu, na maji yanayopita ndani yake yakiwa mabichi huwa makali kama sabuni ya magadi, yakifikia 12 katika kipimo cha pH, ambacho maji safi huwa 7. Kuyalisha hewa ukaa hupunguza ukali huo, na kwa metali nyingi hupunguza mvujo, ila vanadiamu imeonekana katika majaribio kadhaa kuvuja zaidi baada ya tendo hilo kuliko kabla yake. Kwa hiyo kila aina ya mavi lazima ipimwe peke yake, kabla na baada, na si kukisiwa kwa kufananishwa na ya nchi nyingine.

Hali hii itabadilika katika miaka ijayo, kwa kuwa matanuru yenyewe yanabadilika. Huko Port Talbot, Wales, tanuru la mwisho la makaa lilizimwa tarehe 30 Septemba 2024 ili lifuatwe na tanuru la umeme. Nchini Sweden, chuma cha kwanza kilichotolewa katika madini kwa hidrojeni badala ya koki kilimfikia mteja mwaka 2021. Kadiri njia hizi zitakavyoenea, punje za kioo zinazopendwa na saruji zitapungua, na mavi ya tanuru za umeme yataongezeka. Na kwa kuwa moshi wa kila tani ya chuma utakuwa mdogo, kilo chache zilizofungwa katika mavi zitakuwa sehemu kubwa zaidi ya hesabu kuliko ilivyo leo. Hapo ndipo ninapoiona kazi ya kweli ya utaalamu huu.

Nirudi kwenye lundo lenu. Umesema mnayeyusha vyuma chakavu, na viwanda vingi vya namna hiyo katika Afrika Mashariki hutumia tanuru za induksheni, zile ambazo koili ya shaba huzunguka chungu na umeme ukakipasha chuma joto kutoka ndani. Chungu cha tanuru hizo mara nyingi hukandikwa kwa mchanga wa silika, na silika haipatani na chokaa: ukitia chokaa, inaula ukuta wa chungu. Kwa hiyo haitiwi, au hutiwa kidogo sana, na mavi yanayotoka ni mchanganyiko wa silika, oksidi za chuma na manganizi. Mchanganyiko huo hauna njaa ya hewa ukaa. Ndivyo ilivyo pia kwa mavi ya kale tunayoyaokota katika nchi ya Wahaya, mkoani Kagera, ambako wahunzi waliyeyusha madini tangu takriban miaka 2000 iliyopita bila kutia mawe ya chokaa tanuruni: yamelala katika mvua ya karne zote hizo, na kwa sehemu kubwa yangali chuma na silika.

Usiniamini kwa neno tu, pima. Chukua vipande kutoka sehemu tofauti za lundo, juu na ndani, uvitwange hadi viwe kama mchanga laini, ukiwa umefunika pua na mdomo kwa barakoa na kuvaa miwani. Tia sehemu moja ya unga huo katika sehemu kumi za maji yaliyotoneshwa, funga chupa kabisa ili hewa isiingie, na uache siku nzima ukiitikisa mara kwa mara. Kisha chovya karatasi ya kupimia pH. Ikionyesha 11 au zaidi, lundo lenu lina chokaa hai na linastahili uchunguzi. Ikionyesha 8 au 9, chokaa iliyomo ni haba, na faida yenu mtaipata kwa kuvuna punje za chuma kwa sumaku na kuuza yanayobaki kama kokoto, baada ya maabara kuthibitisha kwamba hayavujishi metali zenye sumu.

Ikiwa itavuka 11, peleka sampuli kwenye maabara yenye mashine ya kupima madini kwa miale ya eksirei, uombe asilimia ya oksidi ya kalsiamu na ya oksidi ya magnesiamu. Niandikie tarakimu hizo mbili, aina ya tanuru lenu, na tani za mavi mnazozitoa kwa mwezi, nami nitakufanyia hesabu ya lundo lenu wenyewe kama nilivyoifanya hapo juu.